Kikapu Kilichofunikwa Mlangoni

Murungu, Kibondo
Alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Leokadia mwanangu,

Nakuandikia mchana kwa sababu macho yangu hayaelewani tena na taa. Umekwenda kumuaga katekista, na shangazi yako Paskazia yuko nyuma ya nyumba anatwanga muhogo. Nausikia mchi wake. Ukirudi kabla sijamaliza nitaificha karatasi chini ya blanketi, kama mtoto wa darasa la pili anayeandika asichotakiwa kuandika. Hizi si zile herufi ulizokuwa ukizisifu.

Sitakuandikia habari za chakula, wala chumba, wala namna ya kutunza nguo. Hayo shangazi yako amekwisha kuyasema mara tatu, na mara zote umeitika. Hata habari za ualimu sitakuandikia, ingawa nilishika chaki hadi vidole vikapasuka. Watakufundisha huko huko Kasulu, kwenye kituo cha walimu wanafunzi. Gari la Mzee Athumani mwenye duka litapita alfajiri likipeleka maharage Kasulu, na nafasi yako juu ya magunia nimekwisha kuiomba. Jambo langu ni moja tu. Wiki tatu zilizopita uliniambia hujui tena kukaa na watu, na kwa hiyo huendi. Tangu hapo umekubali, ukakataa, ukakubali. Kila jioni nasikia kifuniko cha sanduku lako la bati kikifunguliwa, na sijui kama unaweka nguo au unazitoa. Nakuandikia ili ujue ni nani aliyekusahaulisha watu.

Nianze na kikapu.

Mwaka huu mvua ya kwanza ilinyesha siku mbili mfululizo, na siku ya tatu jua likatoka. Kila mtu alijua kuwa vichuguu vimeanza kutoa uyoga. Kesho yake alfajiri ukakuta kikapu kitupu kimefunikwa mbele ya uzio wetu, mdomo chini. Nilikusikia ukisimama. Ukaingia nacho hadi kitandani kwangu ukauliza, "Baba, hiki ni cha nani?" Nikakuambia ni chako, wanawake wanakuita porini kuokota uyoga. Uso wako ulivyobadilika siwezi kuuandika. Nikageukia ukutani, ukadhani ni maumivu ya kifua.

Desturi hiyo unaijua, lakini ngoja niiseme kama nilivyoijua mimi utotoni, kwa sababu kosa langu limo humo. Zamani, kabla hatujahamishiwa kijijini na kupangwa mstari kando ya barabara, nyumba zetu zilikuwa zimetawanyika milimani, kila moja ndani ya migomba yake. Uyoga hautangazwi. Anayejua kichuguu kizuri hataki mlima wa pili usikie. Basi mwanamke aliyetaka kwenda na mwenzake hakuita kwa sauti. Alipita jioni akaacha kikapu kitupu mbele ya uzio. Aliyekubali alikiingiza ndani, na kulipopambazuka akatoka nacho. Asiyeweza alikitundika kwenye nguzo ya uzio, mwenyewe akaja akakichukua, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Mtu anaweza kuwa na mgonjwa. Anaweza kuwa amegombana na mumewe, au hana nguo ya kutokea mbele za watu. Kumuuliza ni kumvua nguo. Huo ni uungwana wetu Waha, na nimeufikiria sana mwaka huu nikiwa nimelala hapa, kwa sababu ndani ya uungwana huo ndimo nilimojificha.

Kikapu cha mwaka huu hakikuwa cha kwanza, Leokadia. Kilikuja kila mwaka, ila mmoja. Misimu sita kilifunikwa mbele ya uzio wetu, kwanza kule mlimani, kisha hapa kijijini, na misimu yote sita niliamka kabla yako nikakitundika kwenye nguzo. Nilijua wakati wake. Mvua mbili, jua moja, na mimi nilikuwa macho kabla ya jogoo. Nilikitundika, nikarudi kitandani, nikakohoa kidogo ili ujue nimeamka, ukaja kunipikia uji.

Ni cha mwenzako Generosa, mliyekaa naye dawati moja hadi darasa la saba. Mwaka huu kilikufikia kwa sababu miguu yangu imekataa. Si kwamba nilitubu. Laiti ningeweza kusimama alfajiri ile, ningekitundika cha saba.

Unataka kujua kwa nini. Nami nilitaka kujua, na kwa muda mrefu nilijipa majibu mazuri. Nilijiambia porini kuna nyoka. Nilijiambia binti aliyesoma asizoee maneno ya kisimani. Majibu hayo nimeyatupa, nakupa lililobaki.

Mama yako alipofariki, ulikuwa ndio kwanza umemaliza shule. Mvua za mwaka ule zilipoanza, kikapu kilikuja ukakichukua, ukaenda, nami nilikubali kwa moyo mweupe. Siku ile nilikaa peke yangu tangu alfajiri hadi jua likakaribia kuzama. Nilifungua kitabu nikakifunga. Nilikwenda uani nikarudi. Nilikula kiporo cha ugali kikiwa baridi kwa sababu sikujua mama yako aliweka wapi viberiti, na sikutaka kwenda kuomba moto kwa jirani. Kisha nikakusikia. Mlikuwa mnapanda njia ya migombani, wewe na Generosa, na mlikuwa mnacheka. Sikuwahi kukusikia ukicheka hivyo, hata mama yako alipokuwa hai. Kicheko kikaja hadi uzioni, kikaja hadi uani, ukashika mlango, ukaniona nimekaa. Kikakatika hapo hapo. Ukasema, "Pole baba, nimechelewa," ukaweka kikapu chini, ukaanza kutafuta kuni.

Baba mwingine angekuambia rudi nje ukamalizie kicheko chako. Mimi niliogopa. Niliona kwamba kuna mahali unapokuwa mtu mzima kamili, na mahali hapo si nyumbani kwangu. Msimu uliofuata niliamka mapema.

Lile la kutundika kikapu ni baya, lakini bado kuna baya zaidi.

Kwa desturi, ukikataa mara tatu, hawakuletei tena. Generosa alileta mara tatu, na mwaka wa nne badala ya kikapu akaja mwenyewe, mchana, akavunja uungwana. Tulikuwa ndio tumehamia hapa. Nyumba yetu na yao zilitokea kupangwa karibu. Wewe ulikuwa mtoni unafua. Alisimama pale nje, ana mimba ya mtoto wake wa kwanza, akaniamkia vizuri kabisa, akapiga makofi yake taratibu ameinama, kisha akauliza kama Leokadia ana neno naye. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kunyamaza. Nilimwambia, "Leokadia anasema ana shughuli za maana zaidi kuliko uyoga."

Nilikutilia maneno mdomoni, mwanangu. Maneno yangu, kwa sauti yako. Akasema, "Haya, mwalimu," akaenda. Na jioni uliponiuliza, ukiwa unakoroga mboga, kwamba mbona watu wa hapa hawaalikani kama zamani, nilikujibu kwamba wasio na elimu huwaogopa walio nayo, usijali. Tangu siku ile hukuuliza tena, nami nikauita ukimya wako utulivu. Niliwaambia watu kwa majivuno kwamba binti yangu ni mtulivu. Mgeni alipobisha hodi ulijificha jikoni hadi aondoke, nikasema ni heshima.

Hata hivyo mwaka wa tano akaleta kikapu tena. Na wa sita, na wa saba, na mwaka huu. Hilo sijawahi kulielewa hadi leo mchana.

Sasa nikuambie ugonjwa huu niliutoa wapi, si kwa kujitetea. Unajua kwamba nilipelekwa shule ya wamisionari nikiwa mdogo, mbali, siku kumi na mbili kwa miguu. Nilikaa huko miaka minane bila kurudi. Sikukuambia kamwe siku niliyorudi ilikuwaje. Baba yangu alikusanya watu. Shangazi yangu mkubwa, mama mwenye heshima kuliko wote katika ukoo, alitoka mbele anakuja kunipokea, anapiga makofi, anainama, anatamka majina ya babu zangu mmoja mmoja kama inavyotakiwa, nami nilitakiwa niiname chini yake, nipige makofi, niitikie kila jina. Nilikuwa nimesahau. Nilisimama wima nikamnyooshea mkono mmoja, kama tulivyokuwa tukimsalimu padre mkuu wa shule. Shangazi akabaki na mikono yake hewani. Binamu yangu mmoja akasema, "Mzungu wetu amerudi, ila viatu amevisahau njiani," na uwanja mzima ukacheka.

Hakikuwa kicheko kibaya. Sasa hivi, nikiwa na umri huu, nakisikia tena na najua hakikuwa kicheko kibaya. Walikuwa wananifungulia mlango. Nilitakiwa nitazame miguu yangu mitupu nicheke nao, na shangazi angenishika kichwa akaniinamisha mwenyewe, na mambo yangekwisha. Badala yake niliingia ndani. Nilikaa ndani wiki tatu nikisoma kitabu kimoja mara nne. Walipoanza kusema "kijana anapenda kusoma," nikagundua kuwa kitabu ni uzio mzuri kuliko wa matete. Nimekaa nyuma yake maisha yangu yote. Nimewaandikia watu wa wilaya hii barua za kuposa, barua za msiba, barua za kudai mashamba, na sijakaa na hata mmoja wao kwenye chungu cha pombe ya ndizi hadi kikaisha. Niliondoka daima kabla, nikasema nina kazi.

Mama yako Agnesi ndiye aliyekuwa mlango wangu. Nakumbuka alipoletwa kwetu, bibi arusi wa siku nne, alipewa kibuyu awapelekee wazee pombe. Akajikwaa. Pombe yote ikammwagikia baba yangu mapajani, mbele ya wakwe zake wote. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Agnesi alitazama kibuyu, akamtazama mzee, akasema kwa sauti ndogo, "Baba, sasa itabidi nikukamue." Baba yangu alicheka hadi akashikwa mgongo. Hadithi hiyo wanawake waliisimulia miaka ishirini, kila mara wakikiongezea kibuyu ukubwa, na kila waliposimulia walimsogezea mama yako mkeka. Nilikuwa nikiona aibu kwa niaba yake. Sikujua kwamba ndiyo iliyompa mahali pa kukaa.

Alipokufa, watu walikuja kwangu kwa mwezi mmoja, kisha wakaacha, kwa kuwa hawakujua waseme nini na mimi. Hapo ndipo ilipokuwa zamu yako kuwa mlango wangu, nami nikakufunga.

Narudi kwenye siku yako ya uyoga mwaka huu. Uliporudi jua lilikuwa halijafika katikati. Kikapuni mlikuwa na vichwa sita tu. Uliwaambia wenzako kwamba baba ana hali mbaya, jambo ambalo halikuwa uongo ila halikuwa sababu. Uliuosha uyoga, ukaupika na karanga, ukaniletea, ukakaa kwenye kigoda ukinitazama nikila. Kisha yakatoka, kidogo kidogo, huku umetazama chini. Kwamba ulimwamkia Mama Bukuru haraka haraka kwa shikamoo ya darasani, ukasahau kuinama na kupiga makofi, na mama mtu mzima akakuangalia. Kwamba wanawake waliwataja watoto ambao hukujua hata kama wamezaliwa. Kwamba walipofanya utani ulicheka umechelewa, wenzako wamekwisha kunyamaza, na kicheko chako kikasikika peke yake. Kwamba uliokota uyoga mweupe mzuri kuliko wote, ukauweka juu kabisa ili waone, na msichana mmoja akautoa akautupa akisema, "Binti mwalimu anataka kutuzika sote leo." Wakacheka. Ukageuka nyumbani.

Ulisema, "Baba, mdomo wangu umekuwa mzito. Nikiwa na watu sijui mikono yangu niiweke wapi. Nitasimamaje mbele ya darasa? Mwambie mwenye gari siendi."

Nilikuwa na tonge mkononi. Nilipaswa kukuambia yote wakati ule. Nikasema, "Utafikiri kesho," nikaendelea kula uyoga wako.

Na hata hilo halikuwa la mwisho. Leo asubuhi nilikuona mlangoni pa chumba chako unakunja kanga ya mama yako, ile ya zambarau, unaiweka sandukuni. Nikakohoa. Nilikuwa na kikohozi, ndiyo, lakini nilikohoa zaidi ya kilivyotaka. Uliacha kanga ukaja na maji. Nikanywa, nikakutazama usoni nikaona umeanza kufikiri kubaki, na nikafurahi. Furaha hiyo ilinitisha kuliko kifo. Mtu aliyebakiwa na siku chache bado anaiba. Shangazi yako alikuwa ukumbini ameona yote. Ulipotoka alisema tu, "Zakaria, mpaka lini?" Yeye ni mdogo wangu, hajawahi kuniita jina langu tupu tangu alipoolewa.

Ndipo ulipokwenda kwa katekista nikamwomba Paskazia anipe fimbo.

Kutoka kwetu hadi kwa Generosa ni nyumba nne. Nilipumzika kila nyumba. Watu walitoka kunitazama. Nadhani wengi walikuwa hawajaniona tangu kiangazi, na baadhi walidhani nimekwisha kulala kaburini. Nilimkuta Generosa uani anamenya mihogo, mtoto mgongoni, mwingine anacheza na maganda. Akataka kusimama. Nikamwambia akae. Kisha nikafanya lile nililoshindwa kulifanya mbele ya shangazi yangu miaka ile. Niliinama kadiri mgongo ulivyokubali, nikapiga makofi taratibu, nikamtajia jina la baba yake na la babu yake, kama mdogo kwa mkubwa.

Akashtuka. "Mwalimu, inuka. Utaniletea mkosi, mtu mzima kuniinamia mimi na maganda yangu."

Nikamweleza. Sikupunguza. Nilimwambia habari za vikapu vyote sita na za yale maneno niliyomjibu siku ile akiwa na mimba. Kisu chake kiliendelea kumenya, kisha kikasimama.

Alisema, "Mimi nilimsema vibaya, mwalimu. Kisimani. Mwaka mzima nilimsema. Nilisema amejiona mzungu kama babake."

Nikamwambia alikuwa na haki.

"Sikuwa na haki. Alikuwa hajui." Akamenya muhogo mwingine mzima kabla ya kuendelea. Nikamuuliza kwa nini basi aliendelea kuleta kikapu baada ya kujibiwa vile. Akasema nyumba nne ni karibu mno. Kila jioni ya mvua alikuwa akisikia mchi wako, na mtu hawezi kumnyima kikapu mtu anayemsikia akitwanga peke yake. Alitoa sababu hiyo kana kwamba ni jambo dogo.

Kisha akauliza kama wewe mwenyewe unajua. Nikamjibu bado, nitakuandikia barua. Hapo akacheka, Leokadia, akacheka hadi mtoto mgongoni akaamka. "Watu wa kalamu," akasema. "Mnalala nyumba moja, mnaandikiana barua kama mmoja yuko Dar es Salaam."

Nilicheka nami. Nilichelewa kidogo, kama wewe. Nilibaki nimekaa pale kwenye kinu kilicholazwa, sikusema nina kazi. Na kwa kuwa nilibaki, aliniambia lile ambalo usingelijua kwa kukimbia. Ule uyoga mweupe uliotupwa, yeye Generosa mwaka wake wa kwanza porini alibeba kikapu kizima cha huo huo hadi nyumbani, na mama yake akamchapa kwa mwiko mbele ya wachumba waliokuja kumwangalia. Na msichana yule aliyekutania, mwaka jana tu naye alibeba vichwa vitatu vya huo huo. Walikuwa wanangoja ukae, wakusimulie. Ulipoondoka, hadithi ilibaki bila mwenyewe.

Hilo tu ndilo ninaloweza kukupa, na nimelipata uzeeni kwenye kinu cha watu. Kituoni Kasulu utakosea. Utaamkia vibaya, utacheka umechelewa, utaita mtoto jina la mwenzake na darasa zima litaangua kicheko. Mikono haitajua mahali pake. Wakati huo usiondoke. Sijui zaidi ya hapo. Mimi niliondoka, na aibu niliyoondoka nayo sijapata mahali pa kuitua hadi leo. Mama yako alibaki na nguo zake zimelowa pombe.

Usidhani nimekwenda kwa Generosa ili nife nikiwa mwepesi. Sijawa mwepesi. Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba. Wewe pia usiharakishe. Najua moyo wako. Ukisoma hapa utataka kuja kunishika mkono useme yameisha. Hayajaisha. Nimekula miaka saba ya ujana wako, na kila mwaka ulikuwa unanipikia. Ukasirike. Kasirika hata ukiwa juu ya magunia, hata mbele ya Mzee Athumani. Yeye ana mabinti watano, hatashangaa. Ungekasirika miaka ile kama ungejua, na hasira yako ingekutoa nje ya nyumba hii. Sina njia nyingine ya kukurudishia.

Wala usirudi kwa ajili yangu. Nikifa, watakuletea habari. Njoo kuzika ukiweza. Ukifika tumekwisha kuzika, lia siku zako kisha urudi kwa watoto wa watu. Paskazia yupo. Amenivumilia tangu nikiwa kijana wa kujifungia, anajua dawa yangu. Usikae matanga marefu. Nyumba hii inajua sana kumkalisha mtu.

Najaribu kuona ulipotoka kwa katekista umepitia njia gani. Mchi umenyamaza. Nadhani nimebakiwa na muda kidogo.

Nilipokuwa nikiinuka pale uani, Generosa aliingia ndani akatoka na kikapu. Ni kile kile. Ukingo wake umeunguzwa upande mmoja, mahali kilipoangukia moto kabla hamjamaliza shule. Mkono wangu umekishika mara sita gizani, ninakijua. Akanipa akasema, "Mpe aende nacho. Huko nako mvua inanyesha."

Nimekificha chini ya kitanda. Jioni, nikienda kulala, nitakifunika mbele ya mlango wa chumba chako, mdomo chini, na barua hii ndani yake. Ukikubali, kichukue upande nacho garini. Ukikataa, kitundike kwenye nguzo ya uzio. Sitauliza, na Paskazia nimemkataza kuuliza. Chochote utakachofanya kitakuwa kimefanywa na mkono wako.

Lala bila hofu, mama. Kesho sitaamka kabla yako.

Baba yako,
Zakaria